Kutoka Kipande cha Mkonge Hadi Kalenda ya Mtandaoni

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba makubwa yakaifuata: Ngombezi, Magunga na Hale upande wa Korogwe, Kabuku upande wa Handeni. Mashamba yalitaka watu, na watu walitakiwa wahesabiwe. Mwaka 1907, katika wilaya jirani ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, utawala wa Wajerumani ulianzisha kadi ya kazi. Kila mwanamume mzima alipaswa kutimiza siku 30 za kazi kwa mwajiri wa Kizungu ndani ya miezi minne. Kadi hiyo ilijulikana kama kipande, na utaratibu wa kuhesabu kazi kwa siku 30 uliendelea kwenye mashamba ya mkonge hata chini ya Waingereza.

Kipande kilikuwa kalenda ya mfanyakazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na kadi ikijaa ndipo mshahara wake ulipotoka. Ofisi ya shamba nayo ilikuwa na daftari lake. Nyapara asipotia alama, mtu amekata mkonge tangu alfajiri na siku yake haipo. Palipotokea ubishi, aliyekuwa na neno la mwisho ni karani, si mwenye jasho.

Kumbukumbu mbili za jambo moja, na swali la ipi iaminiwe: kompyuta zililirithi tatizo hilo likiwa zima. Mwaka 1996 kifaa cha mkononi cha Pilot, cha kampuni ya Palm, kilikuja na kitufe kimoja cha kusawazisha ratiba na majina na kompyuta ya mezani. Maofisini programu ya Outlook ikawa ndiyo shajara ya bosi na katibu muhtasi wake. Kisha Aprili 2006 Google ikafungua kalenda yake ya mtandaoni, na mwaka 2008 ikatoa programu ndogo ya kuiunganisha na Outlook. Programu hiyo ilimpa mtumiaji njia tatu: Outlook iifuate Google, Google iifuate Outlook, au kila upande uchukue mapya ya mwenzake. Ilihamisha ratiba tu. Majina na namba za watu haikuyagusa. Tarehe 1 Agosti 2014 Google ikaizima kabisa, na waliokuwa wakiitegemea wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Ukilifungua faili la kalenda kwa programu ya kuandikia ya kawaida, unaona jinsi mambo yanavyokwenda. Kikao cha saa nne asubuhi mjini Handeni huweza kuandikwa 070000Z. Herufi Z maana yake ni saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kompyuta iliyopangwa kwa saa za hapa itakionyesha kikao saa 10:00, na msomaji mwenyewe ataigeuza kuwa saa nne, hesabu anayoifanya tangu utotoni. Kompyuta ya mtumba iliyoletwa ikiwa bado na saa za Marekani itakipeleka kikao hichohicho usiku wa manane. Na Idi je? Kalenda huiweka siku yake miezi mingi kabla, kwa hesabu, lakini Korogwe na Handeni husubiri mwezi uandame na tangazo la Mufti litoke. Hapo kalenda ndiyo inayopaswa kurekebishwa.

Kwa watu wengi wa wilaya hizi, hata hivyo, usawazishaji haukuanzia kwenye Outlook. Ulianzia kwenye laini ya simu. Laini nyingi za zamani zilibeba majina yapatayo 250, jina moja namba moja, na jina refu lilikatwa: Mama Asha Duka, Fundi Bomba, Mjomba Segera. Katikati ya miaka ya 2000 mitandao ilipobadilisha namba, 0744 ikawa 0754 na 0748 ikawa 0784, watu walikaa kuzirekebisha moja baada ya nyingine kwa kidole. Simu ikipotea, namba yako ulirudishiwa, lakini majina hayakurudi nayo. Mwenye busara alikuwa na daftari nyumbani.

Kebo ya intaneti ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na simu za Android za bei nafuu zikafuata, daftari hilo likahamia mtandaoni. Hapo ndipo ugonjwa wa zamani, wa kumbukumbu yako kushikwa na mwingine, uliporudi kwa sura mpya. Muuza simu humfungulia mteja akaunti ya Gmail palepale kaunta, anabuni nywila, anamkabidhi simu, na nywila hiyo mteja haijui. Wengine huingiza akaunti moja kwenye simu za wateja kadhaa, na mkulima wa Mkata anakuta kwenye simu yake majina ya watu asiowajua hata kwa sura. Jambo hili linaumiza, kwa sababu majina hayo ndiyo mtaji: mnunuzi wa mahindi, dereva wa lori, daktari wa mifugo.

Njia za wazi za kusawazisha zipo. CalDAV, iliyochapishwa mwaka 2007, hubeba kalenda, na CardDAV ya mwaka 2011 hubeba majina. Thunderbird, programu ya bure ya kompyuta, inazielewa zote mbili. Kwa asiye na kompyuta, sehemu ya majina kwenye Android ina amri ya kutoa nakala ya majina yote katika faili moja la vcf, linaloweza kutumwa kwa Bluetooth hadi simu ya ndugu. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na hufanywa simu ya zamani ikiwa bado inawaka.