Salamandra wa maji: mgeni asiyefika Kasapa

Sisi tunaofundisha biolojia huku Kasapa tunalijua swali lile. Ukifungua kitabu cha masomo kwenye ukurasa wa amfibia, inatokea picha ya nyama mwenye mkia, miguu minne, na matamvua yaliyosimama nje ya shingo kama manyoya. Mtoto ananyosha mkono: «Mwalimu, ile nyama iko fasi gani mu Kafubu?» Haiko. Afrika yote kusini ya Sahara haina salamandra hata mmoja. Wako Moroko, Algeria na Tunisia, basi.

Nyama wa picha ni aksoloti. Kwao ni maziwa ya Xochimilco na Chalco, penye mji wa Mexico, na Waazteki walimla. Mwaka 1864, majeshi ya Ufaransa yalipokuwa Mexico kumsimamisha Maximilian, aksoloti 34 walipelekwa Paris. Sita walifika kwa Auguste Duméril, mtaalamu wa Jardin des Plantes. Mwaka 1865 wakataga mayai. Miezi ikapita, baadhi ya watoto wakapoteza matamvua, wakapanda nchi kavu. Wazazi wao walibaki majini, wanazaa na sura ya utoto! Mwaka 1920 Julian Huxley aliwalisha aksoloti tezi la koo la ng'ombe, nao wakageuka. Ni tezi lile lile linalovimba shingoni mwa mtu akikosa ayodini. Watu wa Idjwi waliujua sana ugonjwa huo.

Duméril aligawa watoto wa aksoloti kwa wataalamu na wafugaji wa Ulaya, na hivyo njo akaingia manyumbani: kioo, maji baridi, minyoo. Maji yakipita digrii 24 anaanza kuumwa, kwa hiyo joto letu la mwezi wa kumi lingemtesa bure. Huku kwetu kiumbe wa maji ni wa sahani. Kumweka ndani ya kioo kwa kumtazama tu, wazee wetu wangecheka.

Lakini Afrika nayo ilitoa wake. Chura wa kucha, ambaye jamaa zake wako katika maji ya Katanga vilevile, alichukuliwa Afrika ya Kusini baada ya Lancelot Hogben kumfanyia uchunguzi Cape Town miaka ya 1927 hadi 1930. Chura jike akidungwa mkojo wa mwanamke mwenye mimba, anataga mayai kabla siku haijaisha. Hospitali za Ulaya na Marekani zilimtumia hivyo miaka mingi. Waliotoroka wamezaana hata Ufaransa na Chile.

Tena kuna jambo linalotuchoma kidogo. Huko Xochimilco, wataalamu walihesabu aksoloti karibu 6000 kwa kilomita mraba mwaka 1998. Mwaka 2014 walipata 36 tu. Maji machafu ni sababu moja. Nyingine ni samaki walioletwa kwa kufugwa, wanaokula mayai na watoto wake: kapu wa Asia, na tilapia. Ndiyo, tilapia wa Afrika, huyu huyu tunayemnunua sokoni. Salamandra hakufika kwetu, lakini samaki wetu alifika kwake.

Kwa somo, siku hizi tunatia chura wa kucha ndani ya chupa kubwa. Hana ulimi, anasukuma chakula mdomoni kwa mikono miwili. Watoto wanacheka sana, kisha wanauliza kama analiwa.