Pikapu Haizeeki, Inashuka Daraja

Simama Tinde kwa nusu saa, pale barabara ya kutoka Nzega inapoachana njia, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza, nyingine ikikata kwenda Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Utaona magari ya kila rika kwenye lami moja: malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, mabasi ya Dar, michomoko iliyopakia watu hadi kwenye buti. Na pikapu. Pikapu nyingi.

Watanzania tuna namna yetu ya kusoma umri wa gari. Tunaangalia namba. Ile ni namba A, imechoka. Ile namba C, bado bado. Huyu bwana ana namba D, na wenye E nao wameshaanza kuringa. Lakini namba haisemi gari lilizaliwa lini. Inasema liliingia lini kwenye daftari la TRA. Pikapu inaweza kuwa imelima mashamba ya Uingereza miaka kumi kabla ya kubandikwa herufi mpya bandarini, ikafika Tinde ikiitwa mpya kwa sababu ya kibao cha njano.

Kwa hiyo mimi nimezoea kuzisoma kwa njia nyingine mbili: sura yake, na nani ameimiliki baada ya nani. Sura inakwambia kiwandani walikuwa wanawaza nini. Orodha ya wenyewe inakwambia kama waliwaza vizuri. Ukizisoma hivyo utaona kwamba kwenye ukanda huu wa dhahabu pikapu haizeeki, inashuka daraja. Inaanzia mgodini au serikalini, inakwenda kwa mkandarasi, kwa mfanyabiashara, kwa mwenye karasha, na mwisho kwa mtu ambaye hataiuza tena kwa sababu hakuna wa chini yake wa kumuuzia. Uimara wa pikapu, kwa hesabu ya huku, ni idadi ya ngazi inazoweza kushuka ikiwa bado inawaka.

Tuanze na Landrova, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha wazee wetu gari la kazi linatakiwa lifananeje. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na ile sura yake ya boksi haikutokana na msanii yeyote. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ilikuwepo. Wakakata mabati ya aluminiamu yaliyonyooka, yasiyohitaji mashine kubwa za kukunja. Yaani sura iliyokuja kuwa alama ya bwana shamba, ya misheni na ya mkuu wa wilaya ilizaliwa na uhaba. Pengine ndiyo maana iliuvumilia uhaba wetu pia. Bati lililonyooka likibonyea, fundi mwenye nyundo na gogo analinyoosha. Taa zake mbili za mbele, za kioo, duara, za inchi 7, zilikuwa za kipimo kilichotumiwa na magari mengi duniani, hivyo ya gari moja ilifaa kwenye jingine. Na aluminiamu hailiwi na kutu, ingawa chesisi iliyo chini yake inaliwa vizuri tu.

Kisha Pijo. Peugeot 404 ilichorwa na Pininfarina wa Italia, na ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Hapa kuna funzo kwa wanaodhani gari zuri haliwezi kuwa gumu. Pikapu ya 404 ilibeba uso uleule wa gari la daktari, ikafungwa bodi nyuma, na kule Kenya ikawa miongoni mwa matatu za mwanzo. Ilikuwa laini barabarani na imara kwa pamoja. Ila haikufika mbali kwenye ngazi zetu, kwani Wajapani walikuwa wameshaingia, na spea zao zilikuwa rahisi kupata.

Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ikiundwa na Hino kwa ajili ya Toyota. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza, la 'juu' na la 'anasa', na ukiiona picha ya ile ya kwanza utacheka: kigari kifupi, chembamba, hakina anasa hata ya kusingizia. Lakini fikiria ilikuja kukutana na nini hapa. Miaka ya 1970 mafuta yakapanda, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikameza magari na fedha, fedha za kigeni zikakauka. Gari likiharibika lilikaa juu ya mawe miezi mingi likisubiri kipuli kimoja. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kazi katika miaka ile, na kilijifunza kwa kulazimishwa: kuchonga kipuli badala ya kukinunua, kuoa gia boksi ya gari hili na injini ya lile.

Ndipo ikaja bajeti ya 1984, ya wakati Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Pikapu zikawa miongoni mwa vitu vilivyokimbiliwa, na kwa sababu nzuri: ni gari unaloweza kulitajia kazi. Gari dogo ni anasa na lina maneno. Pikapu inabeba pamba, inabeba mgonjwa, inabeba maiti, inabeba harusi. Zile Hilux za mraba za miaka ya 1980, zenye kulabu za kufungia kamba nje ya bodi, ndizo zilizoingia Usukumani kama mali ya mtu binafsi na si ya ofisi. Naomba uziangalie hizo kulabu ukikutana nayo. Aliyezichora alijua kwamba mzigo utazidi bodi.

(Dunia nayo ilikuwa inazipima kwa namna yake. Mwaka 1987 jeshi la Chad, likiwa juu ya pikapu za Toyota, lilivisambaratisha vifaru vya Gaddafi jangwani, yule yule aliyetuma askari kumsaidia Idi Amin dhidi yetu mwaka 1979. Vita vile vinaitwa hadi leo Vita vya Toyota. Baadaye, mwaka 2003, watangazaji wa Top Gear wa BBC waliizamisha Hilux baharini, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo lililobomolewa kwa baruti, na ikawaka. Burudani safi. Lakini siku chache za mateso si sawa na miaka ishirini ya viroba vya mawe.)

Hadi hapo pikapu zilikuwa za hapa na pale. Kilichozifanya kuwa nyingi ni dhahabu. Wachimbaji wadogo walikuwa Bulyanhulu tangu miaka ya 1970, wakaondolewa kwa nguvu Agosti 1996 kupisha mwekezaji, na kidonda hicho hakijapona kwa waliokuwepo. Mgodi mkubwa wa Nzega ukaanza uzalishaji mwishoni mwa 1998, wa Geita ukafunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi pale Kahama 2009. Kila mgodi ulikuja na kundi la Land Cruiser nyeupe, zenye milia inayong'aa ubavuni na kijiti kirefu chenye bendera, ili dereva wa lile dampa kubwa kama nyumba aione kabla hajaikanyaga.

Hii Land Cruiser inahitaji aya yake. Familia ya 70 ilianza 1984, na pikapu tunayoijua zaidi, ile ya 79, ilitoka 1999. Injini iliyoipa jina huku kwetu ni 1HZ: lita 4.2, silinda 6, dizeli, haina tabo, imekuwepo tangu 1990. Haina haraka. Ukiikanyaga inafikiria kwanza. Lakini pampu yake ya mafuta ni ya chuma na springi, haina kompyuta ya kuuliza maswali. Na hilo lilikuwa na maana kubwa katika nchi ambayo dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa hadi tukapata neno jipya kabisa la lugha. Uchakachuaji ulishamiri mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Neno likahama vituo vya mafuta, likaingia kwenye siasa za uchaguzi, na sasa tunachakachua kila kitu hadi matokeo ya mitihani. Mafuta machafu yalikohozwa na 1HZ, na safari ikaendelea. Injini mpya za dizeli, zenye mgandamizo mkubwa na nozeli zenye vitundu vya kuonea kwa darubini, mafuta yale yale yalizipeleka gereji.

Mgodi ukiitumia Land Cruiser miaka kadhaa huiondoa, kwa zabuni au mnada. Si kwamba imekufa. Hesabu za kampuni zinasema matengenezo yameanza kuzidi. Hapo ndipo safari ya kushuka inapoanza. Milia inabanduliwa, na ukichungulia vizuri utaona vivuli vyake kwenye rangi, kama kovu la chanjo. Mkandarasi anaifunga matenki ya maji. Baada yake anakuja mfanyabiashara, anaongeza springi za nyuma na kuchomelea mabomba juu ya bodi. Wa baada yake anatoa mawe kwenye maduara kupeleka karasha, na gari linashinda kwenye vumbi la mawe yaliyosagwa, ambalo ni msasa kwa kila beringi. Kwa yule wa mwisho, bodi ya kiwandani ilishaoza zamani, nyuma kuna bodi ya mbao na vyuma iliyotengenezwa Kahama au Shinyanga mjini. Bado inaitwa Land Cruiser. Kilichobaki cha Mjapani ni kabini, injini na chesisi yenye viraka.

Kuna kitu sipendi kukipamba hapa. Ngazi zile zile zinazoshusha gari zinashusha na hatari. Kwa mwenye wa kwanza kuna mkanda, kuna ukaguzi kila asubuhi, kuna mwendo uliowekewa kikomo. Kwa mwenye wa nne kuna breki ya kupampu mara tatu, na siku ya mnada wa ng'ombe kuna watu kumi na watano waliosimama nyuma wameshikilia mabomba. Australia migodi ilianza kukataa magari yasiyo na nyota tano za usalama, na mwaka 2016 Toyota wakaiimarisha chesisi ya 79 ya kabini moja na kuiongezea mifuko ya hewa hadi ikazipata nyota hizo. Mgodi uliweza kulibadilisha gari kwa sababu ndiye mnunuzi. Yule mama aliyekaa juu ya gunia la mpunga nyuma ya gari hajawahi kuulizwa na mtengenezaji yeyote.

Sasa twende kwenye zile za kisasa. Hilux ya 2004, ambayo huku tunaiita Vigo, ilikuwa mageuzi ya sura. Ilivimba, ikawa mviringo, kabini ikawa kama ya gari dogo. Ilitengenezwa Thailand na Afrika Kusini, na Wajapani wenyewe hawakuuziwa Hilux kwao hadi 2017. Mwaka 2015 ikaja nyingine yenye macho yaliyofinywa na pua ya kung'aa. Ni nzuri, sikatai. Lakini tazama Vigo ya namba B leo. Taa zake si za kioo, ni za plastiki, na jua la Shinyanga limezigeuza manjano kama macho ya mwenye homa ya ini. Dereva anazisugua kwa dawa ya meno, zinang'aa wiki mbili. Bampa la mbele ni la plastiki. Likipasuka halinyooshwi, linashonwa kwa waya. Ukitaka taa mpya lazima iwe ya sura ile ile ya miaka ile ile, maana kila toleo lina umbo lake na haliazimani na ndugu zake.

Ndiyo maana sura hizi zinachakaa kabla ya mashine. Vigo nyingi injini bado iko poa, ila uso unasema mwaka 2006 kwa sauti kubwa, na mwenye pesa anaona aibu. Kuna mafundi mijini wanaozibadilisha uso, wanaondoa boneti, taa na bampa za zamani na kuvalisha za toleo jipya, na ukikutana nayo usiku huwezi kujua. Land Cruiser 79 haina tatizo hilo. Ya 2001 na ya 2021 zinatofautiana pua na taa, zilizopanuliwa 2007, na mtu asiye na mazoea hatajua ipi ni ipi. Huwezi kupitwa na mtindo usioufuata.

Katikati ya haya yote imepenya Kirikuu, Suzuki Carry ya sisi 660, ambayo kwao Japani inaruhusiwa kubeba kilo 350 tu. Nadhani hata tofali za Tinde zimesikia namba hiyo zikacheka. Kirikuu imechukua kazi za ngazi ya chini kabisa, zile zilizokuwa zikisubiri Hilux ya mraba ichoke vya kutosha ili bei yake ishuke. Na hili linanishughulisha kuliko suala la urembo, kwa sababu linamaanisha ngazi za chini zimeanza kutafuta njia nyingine. Pikapu ya kisasa ikifika kwa mwenye wa tatu inadai kompyuta ya kusoma makosa yake, na kipuli kimoja cha mfumo wa mafuta kinaweza kuwa na bei ya kumfanya fundi akae kimya kwanza. Inasimama ngazi ya tatu. Haifiki kwa wa nne.

Agosti 2023 Toyota walitangaza Land Cruiser 70 iliyoboreshwa. Waliokuwa wakingoja sura ya kisasa walipata kinyume chake: taa zimerudi kuwa duara, kama za 1984, kama za Landrova. Baadhi zinakuja na injini ya lita 2.8 ya silinda 4 na gia za kujibadilisha zenyewe. Na ndani ya zile taa za duara hakuna balbu ya kununua dukani Tinde. Ni LED.