Tinde kwenye mizani ya wasomi

Wadau, wengi wenu mmeshapita Tinde hata kama hamkumbuki. Ukipanda basi la Dar kwenda Mwanza, ukishaiacha Nzega unafika kwenye njia panda. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanakata kushoto kuelekea Isaka na Kahama, mabasi ya Shinyanga na Mwanza yananyoosha. Dakika chache tu, umeshapita. Kwangu mimi Tinde ilikuwa mahali pa kunyoosha miguu na kuangalia saa, basi.

Kumbe jina hilo limo kwenye maktaba za udaktari duniani. Mwaka 1955 jarida la Annals of Tropical Medicine and Parasitology, ambalo lilianzishwa Liverpool mwaka 1907, lilichapa makala ya K.C. Willett na H. Fairbairn kuhusu "jaribio la Tinde". Ni uchunguzi wa vimelea vya malale uliofuatiliwa kwa miaka 18. Kumi na minane! Mtoto aliyezaliwa siku jaribio linaanza, ripoti ilipotoka alikuwa mtu mzima.

Mwaka huohuo wa 1955, kule Marekani, Eugene Garfield alichapa katika jarida la Science wazo lililokuja kugeuza maisha ya wasomi wote. Alisema hivi: kila makala ya kisayansi hutaja makala zilizoitangulia. Tukikusanya marejeleo hayo yote mahali pamoja, tutaweza kufuata wazo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Mwaka 1964 kampuni yake ya Philadelphia ikaanza kuuza faharasa hiyo. Mwaka 1975 ikaanza kutoa ripoti ya majarida yenyewe, lipi lina uzito na lipi halina.

Hebu tuione hesabu yenyewe, maana watu huiogopa bure. Tuseme jarida lilichapa makala 200 katika miaka miwili iliyopita. Mwaka huu makala hizo 200 zimerejelewa na watafiti wengine mara 600. Gawanya 600 kwa 200, unapata 3. Hiyo 3 ndiyo kipimo cha athari cha jarida. Garfield na mwenzake Irving Sher waliitengeneza ili kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa, na wakutubi wakaiona inafaa kujua wanunue lipi. Ilipofika miaka ya 1990 ilikuwa inatumika kuamua nani apandishwe cheo na nani apewe fedha za utafiti, jambo ambalo Garfield mwenyewe alilionya mara nyingi. Sisi waandishi wa habari nasi tumo. Tukiandika "kwa mujibu wa jarida mashuhuri", uzito wa jarida huwa tumeuazima kwenye namba hiyo, hata kama hatujawahi kuiona.

Umeona lakini? Miaka miwili. Hesabu hiyo inaangalia makala za miaka miwili tu.

Sasa turudi Tinde. Shinyanga ya wakati wa Waingereza ilikuwa kama makao makuu ya vita dhidi ya mbung'o. Idara ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton ilikuwa hapo, na Wasukuma kwa maelfu walikuwa wanafyeka mapori ili mbung'o wakose kivuli. Maabara ya Tinde ilikuwa na swali lake. Kuna kimelea kiitwacho Trypanosoma brucei kinachoua ng'ombe, lakini mtu akikipata hakimfanyi kitu. Na kuna Trypanosoma rhodesiense kinachomuua mtu. Ukiviweka chini ya hadubini huwezi kuvitofautisha. Je, ni kimoja au viwili? Na kile kinachoua mtu, kikikaa kwa wanyama miaka mingi, kitasahau namna ya kumshambulia mtu?

Swali hilo lilikuwa limeshatoa watu jasho. Wajerumani Taute na Huber, katika mwaka 1919, waliripoti kwamba walikuwa wamejidunga wenyewe na kuwadunga Waafrika wengi vimelea vya wanyama, na hakuna aliyeugua. Lakini jibu la upande wa pili halikuwepo.

Mwaka 1934 J.F. Corson akaanza. Alichukua vimelea kutoka kwa mgonjwa wa malale, akavipitisha kwa kondoo, kutoka kwa kondoo kwenda kwa mbung'o, kutoka kwa mbung'o kwenda kwa kondoo mwingine, mzunguko baada ya mzunguko. Baadaye swala nao waliingizwa. Kila baada ya muda, mbung'o wenye vimelea waliachwa wamuume mtu aliyejitolea, ili ionekane kama ataugua. Fairbairn na mwenzake Burtt waliendeleza, na mwaka 1946 walichapa makadirio kwamba mtu anahitaji kupokea vimelea kati ya 300 na 450 hivi ili augue. Vita kuu ilipita, magavana wakabadilika, kondoo wakafa na wengine wakaletwa, jaribio likaendelea. Jibu lilikuwa hili: miaka yote ile, vimelea havikusahau. Mwaka 1959 M.T. Ashcroft akatoa makala nyingine ya kuendeleza hesabu, na jibu halikubadilika.

Sitaki kupita haraka kwenye neno "aliyejitolea". Jaribio lilianza miaka 13 kabla ya Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, ambazo ndizo zilisema wazi kwamba mtu asijaribiwe bila ridhaa yake ya hiari. Mwafrika wa Tanganyika ya 1934, mbele ya daktari wa serikali ya kikoloni, alikuwa na hiari kiasi gani? Dawa ya suramin ilikuwepo, na ugonjwa ukiwahiwa mapema ulitibika. Hata hivyo malale si mafua.

Haya, sasa mtauliza mizani ya Garfield ingeipa Tinde kilo ngapi. Ungeanza mwaka 1934, kwa miaka mingi ungekuwa na kondoo na mbung'o tu mkononi. Profesa wa leo anayedaiwa makala kila mwaka asingethubutu. Na makala ikishatoka, nani airejelee ndani ya miaka miwili? Maabara za malale duniani zilikuwa za kuhesabu. Linganisha na utafiti wa mafuta ya damu, yaani lehemu na wenzake. Huo ni ugonjwa wa moyo wa matajiri, una maabara kila mji mkubwa, una kampuni za dawa nyuma yake. Jarida lake la kitaalamu, Journal of Lipid Research, lilianzishwa 1959, mwaka uleule wa makala ya Ashcroft. Majarida ya namna hiyo yakirejelewa zaidi, si lazima yawe na akili zaidi. Yana watu wengi zaidi wa kurejeleana.

Na hapa ndipo hadithi inapinda kwa namna ambayo mimi mwenyewe sikuitegemea, kwa sababu jibu la swali la Tinde lilikuja kutoka kwa watu wa lehemu.

Tangu 1902 Mfaransa Laveran alikuwa ameonyesha kwamba majimaji ya damu ya binadamu yanaua vimelea hivi. Kitu gani hasa ndani ya damu? Miaka sabini na sita ikapita. Mwaka 1978 Mary Rifkin wa New York akachapa kwamba muuaji ni HDL, ile ambayo daktari akikupima anakuambia ni "lehemu nzuri". Ushahidi wake mmoja ulitoka kwa wagonjwa wa ugonjwa adimu wa mafuta ya damu uitwao Tangier. (Si Tangier ya Morocco. Ni kisiwa kidogo cha Virginia, ambako ndugu wawili waligundulika kuwa nao, ikaripotiwa mwaka 1961.) Wagonjwa hawa karibu hawana HDL kabisa. Rifkin alipoweka vimelea kwenye majimaji ya damu yao, vimelea havikufa.

Mwaka 1998 watafiti wa Brussels wakaonyesha silaha ya rhodesiense: protini iitwayo SRA, inayomkinga asiuawe na damu ya mtu. Mwaka 2003 maabara hiyohiyo ikataja protini ya binadamu inayoua vimelea, APOL1, inayosafiri ndani ya HDL. SRA inaing'ang'ania APOL1 na kuizima. Brucei wa kawaida hana SRA, anakufa. Rhodesiense anayo, anapona, mtu anaugua. Na hiyo inaeleza vizuri kwa nini kondoo wa Tinde hawakumsahaulisha kitu: silaha imo kwenye jeni zake, inakwenda naye popote anapokwenda.

Kutoka 1934 hadi 2003 ni miaka 69. Niambie dirisha la miaka miwili litaona nini humo.

Faharasa yenyewe haina kosa, nadhani. Ukiifuata rejeleo kwa rejeleo kurudi nyuma, unaweza kweli kufika Liverpool, na kutoka Liverpool ukafika Tinde. Hilo ndilo Garfield alilolitaka 1955. Tatizo ni kwamba jambo likishakuwa kweli ya kila mtu, watu huacha kulitaja lilipotoka. Mwanasosholojia Robert Merton aliliona hilo mapema: ugunduzi unameng'enywa mpaka mgunduzi anatoweka. Anayeandika leo kuhusu APOL1 atamtaja aliyeandika juzi, naye alimtaja wa jana yake. Jarida la Liverpool lenyewe lilibadili jina mwaka 2012, sasa linaitwa Pathogens and Global Health.

Athari iliyonigusa zaidi haimo kwenye faharasa yoyote. Desemba 1998 malale ya rhodesiense yalilipuka Soroti, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo hayakuwahi kuwepo. Watafiti walifuata nyayo wakafika kwenye mnada wa ng'ombe. Mifugo ilikuwa imeletwa kutoka maeneo yenye ugonjwa, ikiwa na vimelea kwenye damu. Mwaka 2001 walitumia jeni ya SRA kuonyesha ni ng'ombe gani hasa wamebeba kimelea cha kumuua mtu. Sasa fikiria: mnyama anaweza kubeba kimelea cha mtu kwa muda mrefu, na kimelea kikabaki kikali vilevile. Hiyo ni sentensi ya Tinde. Ilikuwa imechapwa zaidi ya miaka arobaini kabla ya ng'ombe wale kupelekwa sokoni.

Na kuna athari nyingine unayoiona kwa macho ukiwa dirishani kwenye basi. Mapori yaliyofyekwa kwa ajili ya mbung'o yalichangia kuiacha Shinyanga uwanda mtupu, hadi mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti na ngitili. Sayansi ya mbung'o iliandikwa kwenye ardhi kwanza, majarida yakafuata.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Faharasa inahesabu kwa majina ya waandishi: Corson, Fairbairn, Burtt, Willett, Ashcroft. Ukiyaandika kwenye kompyuta yanatoka, na idadi ya mara walizorejelewa. Waliokunja mikono wakawaacha mbung'o wawaume hawamo, maana hawakuwa waandishi. Wala waliochunga kondoo wale, wala waliokamata mbung'o porini.

Kama babu yako au bibi yako alikaa Tinde miaka ile, na nyumbani kwenu kuna simulizi ya maabara ya mbung'o na wazungu wa kondoo, niandikie. Safari ijayo nitashuka pale njia panda, basi liende bila mimi.