Kisiwa Kilichochongwa na Barafu

Historia ya Mombasa huandikwa kwa majina ya walioipigania: Wareno, Waomani, Mazrui, Waingereza. Vita vilikuwapo, na magofu yake yapo. Lakini kabla ya jemadari yeyote kutia nanga hapa, umbo la kisiwa hiki lilikwisha kuamuliwa na kitu ambacho hakijapata kuonekana katika mitaa ya Kibokoni wala Kuze, isipokuwa kwenye sanduku la muuza samaki: barafu. Mji usiojua baridi umeishi miaka yake yote kwa baridi ya mahali pengine.

Ushahidi uko wazi kwa mwenye macho. Bahari ikitoka, teremka chini ya Fort Jesus uutazame mwamba uliobeba ngome. Utaona matumbawe yaliyogeuka jiwe, mengine bado yana mistari na vitundu vyake kama yalivyokuwa hai, yamekaa juu kabisa mahali ambapo maji ya leo hayafiki. Yaliota yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati dunia ilikuwa na joto, barafu ya Greenland na Antaktika imepungua, na bahari iko juu kuliko sasa kwa mita kadhaa. Kisha baridi ikarudi. Maji ya dunia yakafungwa kaskazini katika milima ya barafu, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka karibu mita 120. Mombasa haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima cha mawe meupe, na ufuo ulikuwa chini huko ambako leo ni kilindi.

Mito ya bara haikusimama. Ilizidi kuteremka kuifuata bahari iliyoikimbia, na katika kuteremka ikachimba mabonde marefu, moja kila upande wa kilima. Barafu ilipoyeyuka, maji ya chumvi yakapanda na kuyajaza mabonde hayo. Ndiyo hori la Tudor upande mmoja, na Kilindini na Port Reitz upande wa pili. Kwa hiyo anayevuka Likoni kwa feri anapita juu ya bonde la mto wa zamani. Reli ilipoanza kujengwa Kilindini mwaka 1896, na gati za maji makuu zilipofunguliwa huko mwaka 1926, wahandisi walikuwa wanatumia handaki ambalo hawakulichimba. Bandari ya Kale, upande wa pili wa kisiwa, ikabaki na majahazi yake.

Baridi ya mahali pengine haikutupa umbo tu, ilitupa na ratiba. Kaskazi huzaliwa bara Asia. Miezi ya Desemba na Januari nchi kavu ya huko hupoa sana, hewa ikawa nzito, ikatiririka kuelekea kusini mpaka ikavuka ikweta. Kuanzia Aprili mambo hugeuka: Asia inapata joto, hewa yake inapanda, na kusi inavuma kutoka kwetu kwenda kuijaza nafasi. Manahodha walijua saa ya kila upepo bila kuhitaji maelezo haya. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikaa usiku mmoja, kisha akaendelea Kilwa. Hata hivyo aliona mengi: ndizi, ndimu, samaki, misikiti ya mbao, watu wanaotembea pekupeku, na mlangoni mwa kila msikiti kisima ambapo mtu hujiteka maji, akaosha miguu, akaifuta kwenye mkeka mkavu kabla ya kuingia. Visima hivyo vinaeleza ardhi yetu vizuri. Matumbawe yamejaa vitundu. Mvua ya mwaka hupenya ndani, ikakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi kuliko hayo. Ukichimba kidogo unapata maji baridi. Ukichimba sana, au ukiteka kupita kiasi, unapata bahari.

Anayedhani ratiba ya pepo ni jambo dogo amtazame Vasco da Gama. Alifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, hakuaminiana na wenyeji, akaenda zake Malindi. Huko alipewa rubani, akaondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, na mwezi uliofuata alikuwa ameiona India. Kurudi, hakungoja. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijaja, na safari ile ile ikamla karibu miezi mitatu. Kiasi cha mabaharia 30 walikufa kwa kiseyeye. Sifa alizopewa baadaye na vitabu vya shule sijui kama zingesalia iwapo angehukumiwa na nahodha wa Bandari ya Kale.

Wareno walijifunza, ila hawakuweza kuubadili upepo. Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus. Msaada kutoka Goa ulilazimika kungoja kaskazi, na ndani ya ngome maradhi yaliua wengi kuliko mizinga. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea, zikaona bendera si yao, zikageuza tanga.

Nyuma ya ngome, mji ulijengwa kwa jiwe lile lile la chini. Matumbawe yalikatwa yakawa kuta, mengine yakapangwa juu ya magogo, yakachomwa, yakawa chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu wa kutosha, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kuta nene hukawia kupata joto. Vichochoro vyembamba hutupiana kivuli, na upepo wa baharini hupita humo mpaka kwa wazee barazani. Makuti, kwa upande wake, yalikuwa baridi ya bei nafuu na hatari kubwa: Agosti 1505, jeshi la Mreno Francisco de Almeida lilipotia moto, mapaa ndiyo yaliyousambaza.

Barafu yenyewe iliingia katika mazungumzo ya Mombasa mwaka 1848. Mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaona weupe kileleni mwa Kilimanjaro. Kiongozi wake alimwambia kuwa ni baridi tu. Rebmann akaandika kuwa ni theluji. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, akauona weupe wa Mlima Kenya. Huko London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Alibishana miaka mingi, hata baada ya Baron von der Decken kupanda Kilimanjaro mwaka 1862 na kuangukiwa na theluji yenyewe.

Weupe aliouona Rebmann umebaki kidogo sana. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912, na UNESCO imetabiri kuwa barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakwisha kabla ya 2050. Maji hayo ni tone tu; yanayoijaza bahari ni ya Greenland, Antaktika na milima mingine mikubwa, pamoja na maji yenyewe kutanuka kwa joto. Tangu mwaka 1901 hadi 2018 bahari ya dunia ilipanda wastani wa sentimita 20. Matumbawe yaliyo hai nayo yameonja: joto la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua kwa wingi pwani yote ya Kenya, na hayo ndiyo yanayovunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni.

Miaka ya karibuni serikali imejenga ukuta wa mawe chini ya Fort Jesus, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanakula mwamba ulioibeba tangu 1593. Ngome iko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, na ulinzi wake unaeleweka. Nyumba za Mji wa Kale zilizopakana na maji hazina ukuta wa aina hiyo. Bamvua ikikutana na kusi kali, mawimbi huzigonga moja kwa moja, na chumvi hupanda kwenye chokaa ya kuta za chini kila mwaka. Mwenye nyumba hupiga lipu upya kwa pesa zake mwenyewe.