Tarehe ya Vichochoro vya Amu

Wasimulizi wa asili ya Amu huanza na miji miwili ya kale, Hidabu upande wa kusini na Weyuni upande wa kaskazini. Watu wake walipigana, kisha wakawa mji mmoja. Hidabu ikafunikwa na mchanga, jina lake likabaki kwenye kilima. Mji huo uliozaliwa na ugomvi ndio Lamu ya leo, ambayo wenyewe hawajaacha kuiita Amu. Una tarehe yake iliyoandikwa: Khabari Lamu ya Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy al-Lamuy, iliyochapishwa mwaka 1938 kwa uhariri wa William Hichens. Tarehe za namna hiyo hufuata watawala na vita vyao. Hii itafuata njia za miguu na nyua za ndani ya nyumba, maana katika mji huu mambo hayo mawili yalijengwa pamoja, na aliyeyaamua zaidi ya mtawala yeyote alikuwa baba mwenye binti wa kuoza.

Jengo la zamani zaidi lenye tarehe yake ni Msikiti wa Pwani, wa mwaka 1370. Leo anayeutafuta hupita kando ya ngome, na bahari hana habari nayo, nyumba zimeikinga. Jina linashuhudia kwamba maji yalikuwa karibu zaidi, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1506 Wareno walipofika na merikebu zao za vita, Amu ilitoa kodi badala ya kupigana, na kwa muda mrefu baadaye iliishi chini ya kivuli cha mji wa Pate. Utajiri wake mkubwa ulikuja karne ya 18, kwa biashara ya majahazi na mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Nyumba nyingi za mawe zinazosimama Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, ni za karne hiyo.

Kipimo cha nyumba hizo kilitoka kwenye mikoko. Boriti ndiyo inayobeba dari, na boriti nzuri haivuki sana mita mbili na nusu au tatu baina ya ukuta na ukuta. Kwa hiyo fundi hakuweza kutoa chumba kipana hata mwenye nyumba angekuwa na mali kiasi gani. Aliweza kukirefusha tu. Ndiyo sababu vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba, vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine. Mawe yalivukishwa kutoka kisiwa cha Manda. Matumbawe laini ya baharini yalichongwa kwa kazi za urembo, na chokaa ilichomwa kwenye matanuri. Kuta zikafika unene wa karibu nusu mita. Mizigo hiyo yote ilipita vichwani na mabegani mwa watumwa, na mwenye kusifu ustadi wa kuta hizi bila kulisema hilo amesimulia nusu ya habari.

Kwa upande wa njia, nyumba karibu haina uso. Ukuta umepanda, dirisha ni dogo na liko juu, ama halipo kabisa. Kinachoonekana ni mlango wa nakshi ndani ya daka, yaani kibaraza kilichoingia ukutani chenye viti vya mawe kushoto na kulia. Hapo mwanamume hukaa na wenzake, na mgeni wa shughuli fupi humaliziwa shughuli yake hapo hapo. Mlango ukifunguliwa mtu huingia tekani, sebule ndogo yenye ngazi, na njia hukunja kona. Kona hiyo imewekwa makusudi: apitaye nje, hata mlango ukiwa wazi, haoni kitu. Baada ya kona ndipo kinapofunguka kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa.

Kiwanda ndicho kinachoifanya nyumba ikalike. Kwa kuwa njiani hakutoki nuru wala hewa ya kutosha, vyote huingia kwa juu kupitia hapo. Joto hupanda na kutoka, upepo wa kusi au kaskazi ukashuka mahali pake. Vyumba virefu hukielekea: kwanza msana wa tini, kisha msana wa yuu ulioinuliwa kidogo, kisha ndani, chumba cha wenye nyumba. Nyuma kabisa ni nyumba kati, palipotumika kwa uzazi na kwa kuosha maiti. Kila hatua ya kutoka kiwandani ni hatua ya kuiacha nuru na kuingia katika siri. Kuta za ndani hupambwa kwa zidaka, safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, vilivyowekwa sahani za China na vyombo vya thamani. Chooni kuna birika la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini yake hupachikwa bakuli la kauri ili samaki wapate pa kujiponea maji yakipungua. Jiko liko juu, chini ya makuti, moshi usisumbue watu wala kuharibu nakshi.

Nyumba ya namna hii ilijengewa mwanamke. Kwa desturi ya waungwana wa Amu, binti alipoolewa hakuhamia kwa mume. Mume ndiye aliyehamia kwake, na baba alikuwa na wajibu wa kumpa bintiye pa kukaa. Mwenye binti mmoja aliweza kumwachia orofa. Akiwa na wawili au watatu, ilimbidi aongeze orofa nyingine au ajenge nyumba ubavuni. Ikiwa kiwanja kilichopatikana kilikuwa ng'ambo ya kichochoro, alijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili, mama na binti watembeleane bila kukanyaga njia. Apitaye chini huinamisha kichwa kidogo, hupata kivuli cha hatua chache, huendelea na safari yake. Juu yake wanawake wanapita katika njia nyingine ambayo yeye haijui.

Kwa hiyo Amu ilikuwa na mitandao miwili ya njia. Ya chini ilikuwa ya wanaume, punda, wachuuzi na watumwa. Ya juu ilikuwa ya wanawake wa kiungwana, kutoka orofa hadi orofa na dari hadi dari. Mtaa, katika maana yake ya kale hapa, ulikuwa nyumba za jamaa zilizokua kwa kuongezwa namna hiyo hadi zikashikana. Kichochoro ni nafasi iliyobaki baina ya ukoo na ukoo, iliyoachwa kwa sababu majirani walihitaji kupita, maji ya mvua kuteremka, na punda mwenye mizigo kupishana na mwenzake. Anayeona njia za Amu zimepinda ovyo hajaziona. Kila kona ina nyumba iliyoongezwa, na kila nyumba iliyoongezwa ina harusi yake.

Maji nayo yalikuwa na amri yake. Mji umelala kwenye mteremko, mgongo wake magharibi na uso wake baharini. Vichochoro vingi hushuka kuelekea pwani, na mifereji hushuka navyo. Vyote hukatiza njia moja ndefu inayokwenda sambamba na ufuo, kaskazini hadi kusini: Usita wa Mui. Hiyo ndiyo njia ya maduka, ya habari na ya salamu. Mtu anayetaka asionekane hupita vichochoro vya juu. Anayetaka mji wote ujue kwamba amerudi safari hupita Usita wa Mui.

Mji uligawanyika kwa namna nyingine pia. Kaskazini, Mkomani, walikaa waungwana katika mawe. Kujenga kwa mawe kulikuwa alama ya hadhi ambayo si kila mtu aliruhusiwa kuivaa. Kusini, Langoni, nyumba zilikuwa za udongo na makuti, na huko ndiko walikofikia wahamiaji: Wahadhrami, Wabajuni, Wangazija. Utawala wenyewe ulipokezanwa baina ya makundi mawili, Zena na Suudi.

Waliokuja kuibadili hali hiyo walikuwa maadui. Mnamo mwaka 1812 au karibu na hapo, Pate na ukoo wa Mazrui wa Mombasa walishuka kwenye ufuo wa Shela kuivamia Amu, wakashindwa vibaya hapo hapo. Washindi walijua kwamba ushindi wa siku moja si ulinzi. Wakaomba hifadhi ya Seyyid Said wa Oman, na ngome iliyokuwa imeanzwa ikakamilishwa mwaka 1821. Wakati huo ilisimama ukingoni mwa maji. Baadaye vifusi na takataka viliijaza pwani, ardhi ikasogea, na juu ya ardhi hiyo mpya, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, zikapanda nyumba za aina nyingine: zenye roshani na nguzo, zikiangalia bahari bila haya, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa Kihindi. Nyumba ya pwani hutazama nje na ya Mkomani hutazama ndani. Kati yao kuna mwendo wa dakika chache na tofauti ya fikra nzima juu ya nyumba ni ya nini.

Kisha nguvu iliyokuwa ikizibeba nyumba za mawe ikaondoka. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mashamba ya bara yalikuwa yamekwisha kuanguka. Bandari ya Mombasa na reli yake ilivuta biashara, na vijana wa koo kubwa wakaifuata. Paa la boriti na chokaa hutaka matengenezo ya kila mara. Likiachwa, mvua huingia, boriti huoza, na orofa ya juu huangukia ya chini. Viwanja vitupu ndani ya Mkomani ni makaburi ya nyumba za namna hiyo. Wakati huo huo uzito wa mji ulihamia Langoni. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alifundisha dini wale ambao Mkomani haikuwapa nafasi, wakiwemo waliokuwa watumwa, na kwao ukainuka Msikiti wa Riyadha. Maulidi yake huvuta watu wa pwani nzima mpaka leo, na zefe hupita katika njia za mji ambazo zamani hazikuwa za kila mtu.

Serikali na wataalamu walifika wakati kuta nyingi zimekwisha kulegea. Jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1971. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki aliyefundisha Nairobi, alipima nyumba na njia na kuchapisha utafiti wake mwaka 1975. Vipimo vyake ndivyo vilivyowaonyesha wengi kwamba mkanganyiko huu una kanuni. Mwaka 1986 mji mkongwe ulitangazwa kuwa turathi ya taifa, na mwaka huo huo ukatoka mpango wa uhifadhi wa Francesco Siravo na Ann Pulver. Mwaka 2001 UNESCO ikaliingiza eneo la hekta 16 hivi katika orodha ya urithi wa dunia.

Kanuni za uhifadhi zinajua kuta. Zinaeleza urefu, chokaa na mlango. Na kuta zinahitaji mlinzi kweli: saruji ikipakwa juu ya mawe ya matumbawe huziba unyevu ndani, ukuta ukaoza huku ukionekana mpya. Orofa inayoongezwa ili kupata upepo wa bahari humnyima jirani nuru ya kiwanda chake. Bodaboda zilipoingia, hata serikali ya kaunti ililazimika kuzipiga marufuku ndani ya mji mkongwe, maana njia iliyopimwa kwa mwendo wa punda haina pa kumkwepesha mtoto.

Lakini kuna mambo ambayo ukuta hauwezi kuyabeba. Nyumba inapofikia kizazi cha tatu au cha nne, warithi huwa wengi, wametawanyika Mombasa, Nairobi na Uarabuni, na fungu la kila mmoja halitoshi hata chumba. Kuuza ndiyo njia nyepesi. Tangu miaka ya 1970 wageni wamekuwa wakinunua, na wapo waliozikarabati nyumba kwa mafundi bora na pesa ambazo ukoo haukuwa nazo. Hilo ni la kushukuriwa. Ila nyumba iliyouzwa peke yake hutoka katika mtaa wake: mlango wa wikio huzibwa kwa ukuta, kwa kuwa upande wa pili si dada tena, na kiwanda cha familia huwa ua wa hoteli unaofunguliwa msimu wa wageni. Kwa macho ya mkaguzi hakuna kilichobomolewa. Njia ya juu, ile ya wanawake, ndiyo iliyokatika, wala haimo katika orodha ya mtu yeyote.

Walioifahamu hatari hii mapema ni wale waliowekea nyumba zao wakfu wa kizazi, isiuzwe wala kugawanywa. Wakfu una matatizo yake, maana msimamizi mzembe huiacha nyumba ianguke ikiwa halali kabisa. Hata hivyo ulishika jambo ambalo mipango ya uhifadhi imelipita: kwamba nyumba ya Amu ni sehemu ya nyumba nyingine. Anayetaka kuuhifadhi mji huu aanze na kazi ndogo ambayo wazee wa mitaa bado wanaiweza, nayo ni kuandika, nyumba kwa nyumba, nani alimjengea nani, wikio lipi lilikuwa la nani, na nani ana haki ya kupita wapi. Kisha haki hizo ziingizwe katika mkataba wa kila nyumba inayouzwa, mnunuzi azikubali kama anavyokubali mipaka. Kuta zimepata sheria yake tangu 1986. Njia nazo zinastahili ya kwao.