Haki ya Maji na Haki ya Barabara

Msafiri atokaye Norfolk, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, akishika njia ya kusini kwa motaboti kupitia Mfereji wa Albemarle na Chesapeake uliofunguliwa mwaka 1859, hafiki mbali kabla ya kusimamishwa na daraja la Great Bridge, ambalo sakafu yake imegawanywa katikati ikawa mbawa mbili za kuinuka juu. Dasturi ya njia hiyo tangu zamani ni kwamba nahodha hupiga honi mlio mrefu mmoja na kuufuatisha mfupi mmoja. Bawabu wa daraja, akiwa tayari kufungua, humjibu kwa milio iyo hiyo, na kama hawezi, humpigia mifupi mitano, na hapo nahodha hana budi kukizuia chombo chake katika mkondo mpaka apewe ruhusa. Siku hizi aghalabu huzungumza kwa redio, walakini honi haijafutwa katika sheria.

Mwenye gari aliyezuiwa barabarani, akiitazama motaboti ya mvuvi mmoja wa starehe ikipita taratibu ilhali nyuma yake kuna msururu wa magari, hujiona amedhulumiwa. Wala hajui kwamba katika nchi ile maji yalikuwa na haki kabla lami haijakuwako. Daraja la kuning'inia lilipofunguliwa mwaka 1849 juu ya mto Ohio, pale Wheeling, merikebu za moshi zenye dohani ndefu zilishindwa kupita maji yalipojaa, na jimbo la Pennsylvania likashitaki. Mwaka 1852 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba daraja lile ni kizuizi, ama liinuliwe ama liondolewe. Lakini mwenye nguvu mpishe, kwani mwaka ule ule Bunge lilitunga sheria ya kulihalalisha kama lilivyo.

Kesi iliyovuma zaidi ni ya merikebu Effie Afton, ambayo tarehe 6 Mei 1856, ikiwa imekwisha kuupita mlango wa daraja la kwanza la reli juu ya Mississippi, pale Rock Island, ilirudishwa na mkondo ikagonga nguzo, ikawaka moto, na sehemu ya daraja ikateketea pamoja nayo. Wakili wa upande wa daraja alikuwa Abraham Lincoln, ambaye bado hajawa rais, naye akashika hoja moja: avukaye mto ana haki sawa na aupandaye au aushukaye. Wazee wa baraza wakahitilafiana, na kesi ikaisha mwaka 1857 bila hukumu. Nami naona hakuna jawabu lililokuwa la kweli kuliko kule kuhitilafiana kwao.

Tangu hapo pande mbili zimekuwa zikipunguziana. Daraja limelazimishwa kufunguka liitwapo, lakini mengi yaliyo mijini hayawafungulii watu wa starehe saa za watu kwenda na kutoka kazini. Nahodha naye amekatazwa kupiga honi ikiwa angeweza kupita chini kwa kulaza tu waya wa redio au fito za kuvulia, na akikaidi hutozwa faini. Katika sheria zote za madaraja yale, hiyo ndiyo niionayo ya insafu kupita zote.