Habari za Tombo wa Kufugwa kwa Mawindo

Wasomaji wetu wengi wawajua tombo, ndege wadogo wenye rangi ya udongo, ambao huruka ghafula miguuni pa mtu apitaye kondeni, kisha hutua tena si mbali. Ndio ambao Biblia yetu yawaita kware, walioanguka kambini mwa wana wa Israeli. Upande wa Nyanza watu huwafuga madume katika vitundu na kuvitundika juu ya mti mrefu, ili sauti zao ziwaite wenzao wa mwituni waje mitegoni. Leo twataka kueleza habari za watu wa Marekani, ambao nao waliwafuga tombo kwa mawindo, lakini kwa njia nyingine: waliwalea vizimbani kwa maelfu, kisha wakawafungulia kondeni wapigwe bunduki. Katika habari hizo mna mafundisho mawili, la afya ya ndege na la afya ya nchi.

Tombo wa huko ni wa namna nyingine, huitwa bobwhite, kwa kuwa dume lake hupiga mbinja kama atajaye jina hilo. Uzito wake hupata gramu 170 hivi. Usiku kundi lao hulala chini kwa mviringo, mikia ndani na vichwa nje, ili wapate joto, na adui akija kila mmoja aruke mbele yake bila kumgonga mwenziwe. Jike hutaga mayai 12 hata 14, nayo huatamiwa siku 23.

Vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 vilipokwisha, watumwa waliachwa huru, na mashamba mengi makubwa ya kusini yakagawanywa vipande vidogo. Vipande hivyo vililimwa na hao waliokuwa watumwa, pamoja na Wazungu maskini, nao walitoa sehemu ya mavuno kuwa kodi. Maisha yao yalikuwa magumu sana. Lakini konde zao ndogo, zenye magugu pembeni, na desturi yao ya kuchoma nyasi kavu kabla ya kulima, viliwafaa tombo mno. Ndege wakazidi, hata matajiri wa kaskazini wakanunua nchi karibu na mji wa Thomasville, katika jimbo la Georgia, wapate mahali pa kuwinda.

Penginepo tombo walinaswa na kupigwa kwa wingi ili wauzwe sokoni. Mwaka 1900 serikali ilitoa sheria ya kukataza kupeleka katika jimbo jingine ndege waliouawa bila haki. Palipopunguka ndege, watu walinunua tombo hai kutoka Meksiko. Wengine wakaanza kuwalea vizimbani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Vizimba vya kwanza viliwekwa juu ya udongo, na ndege wakafa kwa makundi. Ugonjwa mmoja uliwaua sana hata ukaitwa ugonjwa wa tombo. Hutoboa vidonda matumboni, na ndege aweza kufa ghafula angali mnono, na chakula kimo kooni mwake. Vijidudu vyake hutoka na kinyesi, huchukuliwa na nzi, na hukaa udongoni muda mrefu. Kwa hiyo kuleta ndege wapya katika kizimba kile kile ni kuwaletea kifo.

Dawa iliyofaa kwanza haikuwa ya chupani. Wafugaji waliinua vizimba juu ya ardhi, wakaweka sakafu ya waya, kinyesi kikaanguka chini na ndege wasikikanyage wala wasikidonoe. Tena waliwatenga vifaranga na wakubwa, wakaosha vyombo vya maji, na kuepuka msongamano, maana tombo waliobanana hudonoana hata kuuana. Baadaye dawa kama streptomisini ziliongeza msaada, lakini hazikuchukua mahali pa usafi.

Basi tombo wakatoka vizimbani wazima na wanono. Lakini walipofunguliwa, wengi walikufa kwa siku au majuma machache. Mwewe na mbweha waliwakamata upesi. Mwili ulikuwa na afya, lakini ndege aliyetotolewa na mashine hana mama wa kumfundisha kujificha.

Mwaka 1924 mtu mmoja, jina lake Herbert Stoddard, alianza kuwachunguza tombo wa mwituni karibu na Thomasville, na kitabu chake kikatoka mwaka 1931. Siku zile wakuu wa misitu walihubiri ya kuwa kila moto ni adui. Stoddard aliona ya kuwa moto mdogo, uwashwao kwa wakati wake chini ya misonobari, husafisha ardhi, huotesha mimea yenye mbegu, na kuwapa vifaranga nafasi ya kutafuta wadudu. Jambo lililolaumiwa kuwa ujinga wa wakulima lilikuwa na maarifa ndani yake.

Baadaye wale wakulima walihamia mijini, mashine zikalima mashamba mapana yasiyo na magugu pembeni, na moto ukakatazwa mahali pengi. Tangu 1966, hesabu ya ndege ilipoanza kufanywa kila mwaka, bobwhite wamepunguka kupita robo tatu. Hata leo mamilioni hulelewa vizimbani kila mwaka, lakini kazi hiyo haikuwarudisha wa mwituni.

Twajifunza nini? Mfugaji wa kuku na ashike lile la kwanza: atazame sakafu ya banda kabla ya kutafuta dawa, wala asichanganye vifaranga na wakubwa. Na sisi sote tushike la pili: kizimba chaweza kutupa ndege, lakini hakiwezi kutupa nchi ya kuwakalisha. Anayetaka wajukuu wake wasikie sauti ya tombo, na aache kipande cha magugu pembeni mwa shamba lake.